Kambi ya Likizo Haimpeleki Mtoto Chuo Kikuu

Kila Juni na kila Desemba wazazi wa Dodoma huambiwa maneno yale yale. Huyasikia kwenye vikao vya shule, huyasoma kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa darasa, na huyaona kwenye matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo kuanzia Majengo hadi Nkuhungu: mtoto asikae nyumbani likizo, alipiwe kambi, kwa sababu siku hizi njia ya chuo kikuu inapita kwenye likizo. Nimewasikiliza kwa makini wanaosema hivyo na nimeyasoma wanayoyaandika. Baadhi yao ni walimu hodari, na sina shaka kwamba wanawapenda wanafunzi wao. Lakini hoja zao zikiwekwa pamoja mezani nyingi hazisimami, na kadhaa zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Naomba wasomaji muwe mahakimu. Mzazi wa Chamwino au Bahi anayeuza magunia ya karanga ili alipie kambi ana haki ya kuonyeshwa ushahidi kabla ya kutoa fedha, na mwenye wajibu wa kuuleta ushahidi huo ni yule anayezipokea.

Dai la kwanza ndilo linalobeba mengine yote. Linasema kwamba vyuo vikuu vya leo haviangalii matokeo ya mtihani peke yake, vinamtazama mwombaji kwa ujumla wake, na humo mnaingia aliyoyafanya likizo: kujitolea, mafunzo ya uongozi, klabu, vyeti vya kompyuta. Likisemwa kuhusu nchi fulani za nje, dai hili lina ukweli wake, na nitalifikia. Likisemwa kuhusu UDOM, St. John's, Sokoine, Mzumbe au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, si kweli. Anayeweka vigezo vya chini vya udahili wa shahada ya kwanza nchini ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na vigezo hivyo huchapishwa wazi katika mwongozo wa udahili ambao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuupakua. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, kigezo cha jumla ni kufaulu kwa daraja kati ya A na E katika masomo mawili yanayohusika na programu inayoombwa, na jumla ya alama za masomo hayo mawili isipungue 4.0. A ina alama 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha kufungua mlango, na C moja na E moja pia. Baada ya hapo kila programu hutaja masomo yake, na palipo na waombaji wengi kuliko viti, wenye alama za juu hutangulia.

Tazameni pia jinsi maombi yenyewe yanavyojazwa. Mwombaji huandika namba yake ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, matokeo yanatoka Baraza la Mitihani, kisha huchagua programu anazozitaka. Hapana sehemu ya kuandika kwamba Juni ya kidato cha tano alihudhuria kambi ya uongozi. Mwenye alama 9 asiye na cheti chochote cha likizo humtangulia mwenye alama 8 na bahasha iliyojaa vyeti.

Nimesikia jibu lao: hayo ni ya kwenye karatasi, ndani ya vyuo mambo ni mengine. Basi wataje programu moja, katika chuo kimoja, iliyomchukua mwombaji kwa sababu ya kambi na kumwacha aliyemzidi alama. Na kama kigezo hicho ni cha siri, wao wamejuaje kwamba kambi yao ndiyo inayokitimiza? Hawawezi kusema kwa pamoja kwamba jambo limefichwa na kwamba wanalijua kiasi cha kulitoza ada. Upo mlango mmoja halali ambamo mambo ya nje ya darasa huhesabiwa, nao ni utaratibu wa kutambua maarifa aliyoyapata mtu kazini. Huo ni wa watu wazima wenye uzoefu wa kazi, na hata wao hupimwa kwa mtihani na kwa ushahidi wa kazi walizozifanya. Mwanafunzi wa kidato cha tano hahusiki nao.

Dai la pili hujitokeza pale la kwanza linapobanwa. Sawa, wanasema, labda leo havitazami, lakini dunia inaelekea huko, Tanzania nayo itafika, na mzazi mwenye busara humwandaa mtoto mapema. Linasemwa kana kwamba wazo la kumpima mwombaji kwa aliyoyafanya nje ya darasa bado liko njiani kutoka ng'ambo. Nchi hii ililijaribu nusu karne iliyopita, tena kwa ukali kuliko chuo chochote cha Marekani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua, pamoja na mambo mengine makubwa ya elimu, kwamba kijana hatatoka tena kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Angepitia Jeshi la Kujenga Taifa, angefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama kuhusu mwenendo na bidii yake. Chuo kikuu kilikuwa kimoja tu nchini wakati huo, kile cha Dar es Salaam, kwa hiyo aliyekosa mapendekezo hakuwa na pengine pa kubisha hodi.

Nia ya Azimio la Musoma ilikuwa njema na ninaiheshimu. Viongozi wale walitaka msomi asiwe mgeni kwa wakulima na wafanyakazi waliomlipia masomo. Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu. Karatasi ya mtihani husahihishwa na mtu asiyemjua mtahiniwa, lakini mapendekezo huandikwa na mtu anayemjua, anayempenda au kumchukia, na hatima ya kijana ikawa imewekwa mikononi mwa mkubwa wake wa kazi. Wasichana waliofika chuoni walipungua, kwa kuwa miaka ile miwili ya kazi ndiyo miaka ambayo wengi wao waliolewa na kuanza kulea, na ikawa vigumu kurudi darasani. Haikupita miaka mingi wasichana wakaondolewa sharti hilo, na katika miaka ya 1980 utaratibu wote ukaachwa. Nchi ilirudi kwenye matokeo ya mtihani baada ya kuona kwa macho yake nani anayeumia mtu anapopimwa kwa nafasi alizopewa nje ya darasa. Anayetuambia kwamba huko ndiko mbele tunakoelekea hana budi kueleza kwa nini tulishapita hapo na tukarudi.

Na hata tukikubali, kwa ajili ya hoja tu, kwamba utaratibu ule utarejea kesho, kambi hainufaiki. Kilichohesabiwa enzi ya Musoma kilikuwa kazi ya miaka, mbele ya wafanyakazi wenzake walioweza kuithibitisha. Wiki mbili za kulala bwenini kwa ada, pamoja na cheti kinachotolewa kwa kila aliyelipa, zisingefika hata mezani. Kijana aliyefanya kazi msimu mzima kwenye soko la nafaka la Kibaigwa angekuwa na la kusema kuliko aliyetoka kambini.

Dai la tatu linahusu nje ya nchi, nalo ni la haki kuliko yote. Wanasema vyuo vya Marekani huuliza waziwazi mwombaji alifanya nini nje ya masomo. Ni kweli. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya huko, Common App, ina sehemu ya kuorodhesha shughuli hadi 10. Ni kweli pia kwamba ufadhili wa Mastercard Foundation, ambao umewapeleka vijana wengi wa Afrika vyuoni, huangalia uongozi na huduma kwa jamii. Mwanafunzi wa Msalato au wa shule ya kata ya Kongwa mwenye alama za juu na ndoto ya kwenda huko anapaswa kuyajua haya mapema, na mwalimu anayemweleza anamtendea wema.

Lakini wauza kambi huacha nusu ya habari. Katika orodha ya aina za shughuli kwenye fomu hiyohiyo kuna kazi ya malipo, na kuna majukumu ya kifamilia. Binti anayewalea wadogo zake wakati mama yuko shambani ana jambo halali la kuandika. Kijana anayesaidia kuvuna zabibu Mpunguzi au Hombolo na kuzipeleka sokoni ana jambo halali la kuandika, na bila shaka ana cha kusimulia kwenye insha yake kuliko mwenzake aliyekaa kwenye semina akisikiliza mada ya uongozi. Vyuo hivyo vinauliza ulifanya nini na ulijifunza nini. Havina sharti kwamba uwe umelipia. Kwa maneno mengine, ushahidi wanaoutoa wao wenyewe unamtetea mtoto aliyebaki nyumbani.

Tusitoke Afrika Mashariki bila kuangalia majirani. Kenya, wanafunzi hupangiwa vyuo na KUCCPS kwa daraja la KCSE, C+ ikiwa ndiyo kiwango cha chini cha shahada, na kwa alama za kundi la masomo. Uganda, serikali hutenga nafasi 40 za ufadhili kwa wanamichezo hodari, na hapo kweli jitihada za uwanjani hulipa. Ni nafasi 40 kwa nchi nzima, na wanaozigombea ni vijana waliocheza kwa miaka katika mashindano yanayotambuliwa. Mtu akinionyesha kambi ya likizo hapa Dodoma iliyotoa mwanariadha wa aina hiyo kwa majuma mawili, nitamsikiliza.

Sasa dai la nne, ambalo ndilo zito kweli na linastahili nafasi kubwa. Linaacha habari ya shughuli na vyeti na kusema hivi: kambi ni masomo, masomo hupandisha alama, na alama ndizo zinazomfikisha mtoto chuoni, kwa hiyo kambi humfikisha chuoni. Kila hatua inaonekana imara. Na pana mahali ambapo dai hili ni la kweli kabisa. Zipo shule za kata katika mkoa huu ambako mwanafunzi wa sayansi hukaa muhula mzima bila mwalimu wa Fizikia au wa Hisabati. Mwanafunzi huyo akipata mwalimu mzuri kwa mwezi mmoja, atapiga hatua, na sitamwambia mzazi wake kwamba amepoteza fedha.

Kasoro ya kwanza ni kwamba wanaolitoa dai hili ni walewale waliotoa lile la kwanza. Asubuhi mzazi anaambiwa mtihani si kila kitu, vyuo vinatazama mengine. Jioni anaambiwa mtihani ndio kila kitu, ndiyo maana mtoto asome hata likizo. Kama mtihani si kila kitu, kwa nini ratiba ya kambi imejaa vipindi kuanzia alfajiri hadi usiku? Na kama ndio kila kitu, cheti cha uongozi kinachoongeza bei kinafanya kazi gani?

Kasoro ya pili ni namna wanavyothibitisha. Huleta majina ya waliopita kambini wakapata daraja la kwanza. Sibishi kwamba walipata. Nauliza walikuwa wa ngapi darasani kabla ya kwenda. Wanaolipiwa kambi kwa kawaida ni watoto wa wazazi wenye uwezo, wanaosoma shule zenye walimu, wenye umeme na vitabu nyumbani; na wakuu wa shule huwahimiza zaidi wale wanaoonyesha dalili ya kufaulu. Kundi hilo lingefanya vizuri kuliko wastani hata kama kambi isingekuwapo. Ili tujue kambi imeongeza nini, tungelinganisha wanafunzi wawili wenye alama sawa mwishoni mwa kidato cha tano, mmoja aliyekwenda na mmoja aliyebaki, kisha tusome matokeo yao ya kidato cha sita. Walimu wanazo alama hizo kwenye makabati yao. Ulinganisho huo hautugharimu kitu, lakini hakuna anayeuleta kwenye kikao cha wazazi. Tunaletewa waliofaulu peke yao, na waliokwenda kambini wakafeli hawatajwi kabisa.

Kasoro ya tatu ni kwamba sehemu kubwa ya kinachouzwa kambini inapatikana bure. Baraza la Mitihani huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka. Humo mtahini anaeleza swali lilidai nini, wengi walikosea wapi, na hata kuonyesha mfano wa jibu zuri na wa jibu baya. Sijui nyenzo inayomkaribia mtahini kuliko hiyo, na nasikitika kila ninapokutana na mwanafunzi wa kidato cha sita ambaye hajawahi kuisikia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Dodoma mjini kuna maktaba ya mkoa. Mitihani iliyopita iko kila mahali. Mwanafunzi mwenye mpango wa saa tatu kwa siku, akizitumia taarifa hizo na rafiki mmoja wa kusahihishana naye, amepata kiini cha kambi. Anachokikosa ni mwalimu wa kumwelekeza pale anapokwama, na hilo ndilo la kulipia likihitajika, kwa somo lile tu linalomsumbua. Mzazi akiambiwa alipe ada ya masomo yote wakati mtoto amekwama kwenye kemia ogania tu, anauziwa asichokihitaji.

Kuna tawi la dai hili linaloitwa prifomu faivu. Kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, na kidato cha tano huanza Julai; pengo ni refu, na anayesema mtoto asiliachie lipite bure yuko sawa. Lakini huambiwa wazazi kwamba asiyesoma prifomu faivu hataiweza tahasusi yake. Tahasusi ipi? Vituo huanza kufundisha Desemba, kabla hata matokeo ya Januari hayajatoka, na wanaowapanga wanafunzi ni TAMISEMI miezi kadhaa baada ya hapo. Mtoto hukaririshwa PCB kwa miezi, kisha matokeo yanampeleka HGL, au anapangiwa chuo cha ufundi. Aliyesubiri matokeo yake, akajua amefaulu nini, akaanza kusoma vitabu vya tahasusi inayomfaa kuanzia Februari, ana miezi mitano ya uhakika, ambayo mwenzake aliitumia kwa kubahatisha.

Dai la tano nitalipitia haraka. Linasema mafunzo ya JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita yanampa mtu kipaumbele cha chuo, na asiyekwenda atakosa. JKT ilianza 10 Julai 1963. Mafunzo ya lazima kwa wahitimu yalisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013, na hapa mkoani vijana huripoti Makutupora na Mpwapwa. Ni wajibu wa kisheria na anayeitwa aende. Lakini katika vigezo vya udahili vya TCU hayamo, na miaka ya mwanzo baada ya kurejeshwa si wahitimu wote waliopata nafasi makambini, wala waliobaki hawakufungiwa vyuo. Kinachopaswa kuwashughulisha wazazi kuhusu JKT ni tofauti: matokeo hutoka Julai, dirisha la maombi ya chuo na mkopo linafunguliwa, na kijana yuko kambini. Familia ijue mapema nani ana nyaraka zake na nani ana namba zake za siri za maombi.

Dai la sita ndilo linaloniumiza. Linasema mtoto anayerudi kijijini likizo hupotea: hushikishwa jembe, hutumwa kuchunga, hurudi shuleni akiwa amesahau kila kitu. Uwanda huu wa kati una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 700 kwa mwaka, na mwaka mbaya hazifiki hata hapo. Likizo ya Desemba inaangukia wakati wa kulima na kupanda. Likizo ya Juni inaangukia kwenye mavuno ya mtama, uwele, karanga na alizeti. Kwa kaya ya Mpwapwa au Chemba isiyo na trekta wala fedha ya vibarua, mikono ya kijana wa miaka 17 katika wiki hizo nne ndiyo inayoamua chakula kitafika lini. Mvua haimsubiri mtu arudi kutoka semina.

Hesabu ya ada nayo inahusika hapa. Kambi ya Juni hulipiwa Juni, wakati kila mkulima anauza na bei ya mazao iko chini kabisa katika mwaka. Mzazi anayeuza gunia la alizeti wiki hiyo ili awahi tarehe ya kambi analiuza kwa hasara ambayo angeiepuka kwa kungoja miezi michache. Amepoteza kibarua wake wa bure na amepoteza bei, kwa ajili ya kitu ambacho mwongozo wa udahili haukitambui. Halafu kijana huyo akifaulu, kaya hiyohiyo inatakiwa itafute nauli, godoro na ada ya kuanzia chuo mwezi Oktoba.

Nakubali upande mmoja wa dai hili bila kuuzungusha. Kuna nyumba ambazo mtoto, hasa binti, hapewi hata saa moja ya kufungua daftari: maji, kuni, kupika, wadogo, kisha giza limeingia. Huyo anaonewa, na kazi ya likizo inamshusha kweli. Dawa yake ni mzazi kuambiwa kwenye kikao, na mwalimu mkuu, kwamba binti apewe saa zake za kusoma kila siku kama kaka yake. Wapenda kambi hawalisemi hilo kikaoni, kwa kuwa likifanyika binti hahitaji kambi. Na bado nashangaa mtu yuleyule anayeita kazi ya shamba upotevu anavyotoa cheti cha kujitegemea kwa mtoto aliyepanda mche mmoja wa mti mbele ya kamera.

Wanatisha pia kwamba likizo moja ikipotea, chuo kimepotea. Milango ni mingi kuliko hivyo. Mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada, na stashahada hutolewa hapahapa, Chuo cha Mipango, CBE, na Hombolo kwenye Chuo cha Serikali za Mitaa. Wapo wanaopitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Mwanafunzi aliyeteleza kidato cha sita ana safari ndefu kidogo, na wengi wameisafiri.

Limebaki dai la mwisho, jipya kidogo, kwamba kambini watoto husaidiwa maandalizi ya maombi ya chuo na ya mkopo. Kama ni kuelezwa, vizuri. Lakini tuangalie kinachowakwamisha waombaji kila mwaka. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima hutakiwa cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Anayetoka kaya ya TASAF anahitaji namba ya kaya. Fomu inataka sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji, inataka mdhamini, inataka kuapishwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana bwenini. Vyote viko nyumbani, kwenye sanduku la bibi, kwa mtendaji wa kijiji, kwenye ofisi ya wilaya. Kijana wa Chemba ambaye jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja tofauti na lile lililoko Baraza la Mitihani anahitaji siku za kazi, ofisi zikiwa wazi, na mzazi au mlezi wa kusimama naye kwenye foleni na kuapa. Desemba ya kidato cha tano inamtosha. Agosti baada ya kidato cha sita, dirisha la mkopo likiwa limebakiza siku chache, haimtoshi.